Salome, Ng'ombe Shujaa wa Kisiwa cha Norfolk

Jumatano, 8 Oktoba

Siku tano kabla ya maonyesho ya kilimo! Ng'ombe wangu Salome kalala katikati ya barabara ya mjini Burnt Pine, pembe moja juu, nyingine chini. Magari manne yanamsubiri. Binamu Alban akashusha kioo. "Merrick, huyo ni ng'ombe au godoro la kutupwa?" Watu wakaangua kicheko. Ng'ombe wake Kristabeli ameshinda utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, miaka minne mfululizo. Nikaropoka kwamba mwaka huu ni wetu. Tukawekeana ahadi mbele ya wote: atakayeshindwa atamsombea mwenzake samadi kwa toroli, mchana kweupe, kavaa kofia ya mkewe.

Mke wangu Hepzi hajanisemesha tangu hapo.

Lakini nimesoma ratiba! Kuna shindano jipya badala ya lile la zamani: Ng'ombe na Kisa Chake. Sura haihesabiwi. Hadithi tu! Mimi na uongo tumelelewa nyumba moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kisa tayari. Mwaka wa dhoruba, Shangazi Verbena alipotea kwenye ukungu, juu ya majabali ya Ghuba ya Anson. Salome akamwongoza hadi mlangoni. Nimelia mwenyewe nikiandika.

Kasoro moja. Shangazi yu hai, ana miaka themanini na minane, na kila mwaka hukaa safu ya mbele. Nikampelekea pai ya ndizi, nikamwomba aitikie kwa kichwa tu. Akakubali upesi mno. Kisha akauliza kwa nini yeye atembee kwa miguu. Akaamua kwamba alimpanda Salome mgongoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Shangazi amepita dukani akisimulia. Sasa kisa kina baharia mwenye masharubu, anazama. Nikaenda kumsihi apunguze.

"Kwani wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo.

"Basi nyamaza, mwanangu."

Watoto wa shule wamemvisha Salome shada la maua. Kalila lote.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimepewa mikono kama bwana harusi. Alban kanywea. Kristabeli hana kisa chochote, maisha yake yote amekula nyasi tu. Nikamhurumia, karibu dakika nzima.

Hepzi kafua kofia yake. Nikauliza ya nini. Akasema, ya kazi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilianza vizuri, sauti nzito. Nilipofika kwenye ukungu, Shangazi akainuka, akasema nakosea, akanipokonya kipaza sauti. Wimbi! Baharia! Wanaume wazima wanapangusa macho. Jaji, mgeni kutoka Sydney, akauliza kwa upole kama angeweza kuonyesha alivyopanda.

Nikasema haiwezekani, mgongo wa Shangazi! Shangazi alikuwa keshapanda kiti, na kutoka kwenye kiti, Salome.

Salome hajawahi kubebeshwa hata gunia. Akatikisa masikio. Kisha akaondoka. Akatoka uwanjani, akashika barabara, Shangazi akiwapungia mkono wenye magari, mimi nyuma nahema, Alban nyuma yangu, hoi kwa kicheko. Kilomita nzima!

Tuliporudi jaji akatangaza. Wa kwanza: Shangazi Verbena, kwa usimulizi bora, ingawa hana hata ndama. Wa pili: Kristabeli, kwa kisa kifupi cha kula nyasi. Salome na mimi tumeondolewa kwa kutoroka uwanjani.

Shangazi akajibandika utepe kifuani. "Merrick, mwanangu, nilidhani nimeshamaliza kupanda vitu."

Nikapiga makofi. Ningefanyaje? Uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Jumanne, 14 Oktoba

Toroli saba. Kofia ina matunda ya cheri ya plastiki. Watu wamejipanga njiani, mmoja kaja anapiga kodiani. Alban kacheka hadi akakaa chini, kisha akaniletea chai, tukacheka wote. Akataja kwamba mwakani kutakuwa na shindano la visa vya mabata bukini.

Shangazi anaye bata bukini. Chongo. Nikauliza, juujuu tu, jicho lilikwenda wapi. Alban hajui. Nimewauliza majirani wote. Hakuna anayejua.

Hakuna hata mmoja! Nimeshachonga penseli.