Maji ya Wiki Nzima

Jumatatu, 4 Machi
Mtihani wa takwimu Ijumaa. Maktaba imefurika. Kiti cha dirishani, chenye soketi inayofanya kazi, amekishika Kobe, binti wa darasa letu asiyeachana na chupa yake ya maji. Nimegundua udhaifu wake: anayekunywa huenda msalani. Alipotoka, nikakaa. Aliporudi akasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sikunyanyuka. Akahamia kando yangu, bila kinyongo.

Jumanne, 5 Machi
Sijanywa maji tangu jana. Sijatoka kitini. Ushindi. Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Birika kwa kuchemsha maji kila alfajiri, kasema figo hazina mzaha. Wivu tu. Mama kapiga simu kuuliza kama nakunywa maji. Nikasema sana. Nilikunywa soda, na soda nayo ni maji yaliyosoma.

Jumatano, 6 Machi
Kichwa kinagonga. Nimetafuta wastani wa umri wa wanafunzi, nikapata hasi tatu. Kalamu ikaanguka. Nikainama kuiokota, giza.

Nilizinduka sakafuni, Kobe amenishika kichwa, ananinywesha kidogo kidogo kutoka chupa yake. Akanikokota hadi zahanati. Muuguzi akauliza mara ya mwisho nilikunywa maji lini. Nikasema inategemea maji ni nini. Akanitundikia dripu bila kucheka. Kobe alikaa hadi jioni akinieleza takwimu. Nilitaka kulia. Machozi hayakuwepo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetubu. Nakunywa kutwa. Birika kaniazima chupa yake ya chai akaijaza maji, kisha akanionya kwamba mimi si ngamia. Maneno ya mtu asiyejua kufidia.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimaliza chupa nzima mlangoni mwa ukumbi wa mtihani. Niliomba ruhusa mara ya kwanza kabla sijaandika jina. Mara ya tatu msimamizi alinifuata hadi mlangoni mwa choo, akasimama. Maswali mawili hata sikuyasoma. Na yote mawili Kobe alikuwa amenifundisha.

Alinisubiri nje. Akasema tusome pamoja kwa mtihani wa Jumatano ijayo. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Nimekaa nikatafakari. Maji hayana kosa. Kosa ni kuyanywa siku za kazi. Jumapili nitakunywa ya wiki nzima, niwe nimemaliza.