Watazame Kidoa, Wasinitazame Mimi

Jumamosi, 3 Mei

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata dada ninayelala naye chumba kimoja: macho ya watu yananitisha. Mtu mmoja akinitazama, namudu. Wakiwa wawili, nakohoa. Darasa zima likinigeukia, ulimi unakuwa soli ya kiatu. Ndiyo maana shuleni naitwa Kobe.

Naliandika leo kwa sababu balaa limeshuka. Mwalimu wa fizikia ametangaza kwamba Ijumaa kila mwanachama wa klabu ya sayansi atasimama ukumbini, mbele ya shule nzima, aeleze mada moja. Mimi nimepewa jicho. Jicho! Katika viungo vyote vya mwili! Nilimwomba anipe ini. Akakataa.

Kibaya zaidi, amesema atakayeshindwa kueleza hafai kutunza kabati la vitabu vya sayansi. Ufunguo wa kabati hilo ninao mimi. Nauvaa shingoni. Nikinyang'anywa utakwenda kwa mwanaklabu mwenzangu tunayemwita Spika, ambaye sauti yake haina kitufe cha kupunguzia, na ambaye aliwahi kuegesha kitabu cha elimu ya nyota dirishani ili dirisha lisijifunge. Mvua ikanyesha. Nilikianika kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, kama dagaa.

Jioni, wazo! Mwalimu akifundisha kwa fimbo, sote tunatazama ncha ya fimbo. Mwenye fimbo hatazamwi. Nimefanya utafiti: nimemuuliza dada kama mwalimu wake wa hesabu ana ndevu. Hakujua! Na anafundishwa naye kila siku.

Basi nitaunda leza ya mfukoni. Kidoa chekundu kitacheza ukutani, watu watakifuata, nami nitabaki sauti tu. Nimesoma sura nzima ya mwanga. Usalama kwanza.

Jumapili, 4 Mei

Ndani ya deki ya DVD mna leza ndogo inayosoma sahani. Deki ya bibi haijawaka muda mrefu, kwa hiyo imekufa. Nimeiviringisha kwenye taulo, nikampelekea fundi redio wa mtaa wa nyuma.

Aliposikia nataka kuing'oa leza ile, aliweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Una macho mangapi ya akiba?"

Nikasema sina.

"Basi acha."

Akaeleza kwamba leza iliyong'olewa kwenye mashine huwezi kujua nguvu yake bila kipimo, na kwamba zile za mashine za kurekodia zinaweza kuunguza jicho kabla kope hazijapata habari. Kabla kope hazijapata habari! Kope zangu zilisikia zikaanza kupepesa zenyewe.

Anayeanza, alisema, aanze na dhaifu. Akachakura kopo lake, akatoa kileza kidogo kama kifuniko cha kalamu, kilichotoka kwenye pimamaji ya mwashi iliyovunjika. Ubavuni kimeandikwa daraja la pili, chini ya miliwati moja. Nitie betri mbili ndogo, si tatu. Nitie na rezista, kipande cha kuubana umeme usije kwa pupa. Swichi iwe ya kubonyeza, ukiachia inazima. Nisikichungulie mdomoni, nisimwelekezee mtu, nisikisogeze karibu na kioo. Nimeyakariri yote njiani.

Nikamwachia deki kwa shukrani. Aliitazama, akanitazama, akaipokea.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi imeanza. Mwili wa leza ni kurunzi kuukuu. Nimelehemu nyaya na nimeungua kidole kimoja tu. Kisha usalama: boksi la viatu, ndani nimelipaka dawa nyeusi ya viatu ili mwanga uingie humo usitoke. Kioo cha dada nimekigeuzia ukutani. Kwa fundi wa mageti nimeazima miwani ya kuchomelea. Mwisho nikabandika tangazo mlangoni: HATARI. MWANGA WA LEZA. USIINGIE.

Tangazo lilikuwa kosa. Chumba hiki hakijawahi kupata mgeni. Leo bibi ameingia aone ni hatari gani. Mama akaja kumtoa bibi. Jirani akaja kumtafuta mama. Wote wakasimama kunitazama, nami nimeshika boksi, miwani usoni. Nikakohoa mpaka wakaondoka. Bibi alisikika koridoni akisema mjukuu wake amefanana na nzi.

Nikafunga mlango. Nikavaa miwani vizuri. Nikabonyeza.

Giza. Hakuna kitu!

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua, nimelehemu upya, nimefunga, nimevaa miwani, nimebonyeza. Giza. Nimeweka betri mpya. Giza.

Shuleni Spika aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, eti Kobe ameandaa nini. Nikasikia mtu akijibu, "Leza." Mtu huyo alikuwa mimi! Spika akasema vizuri, aanze kutembea leo ili Kobe na leza yake wafike ukumbini Ijumaa ya mwakani. Kisha akaniuliza kama ufunguo huwa unashika kutu, maana yeye shingo yake hutoka jasho. Watu wakacheka, wakanitazama. Nikakohoa.

Nyumbani bibi ameulizia deki. Anataka kutazama harusi ya mama. Nikamwambia kwa upole kwamba deki ilishakufa. Akasema haijafa hata kidogo, aliichomoa mwenyewe siku ya radi.

Aliichomoa!

Jumatano, 7 Mei

Giza tena. Nikalala kifudifudi kando ya boksi, kidole kwenye swichi, miwani usoni, nikiaga ufunguo wangu kimoyomoyo. Dada akaingia kutafuta kitana.

"Hicho kidoa chekundu ni cha nini?"

Nikauliza kidoa gani.

"Hicho humo ndani. Tangu juzi ukibonyeza kinatokea. Nilidhani ndicho unachokitaka."

Nikamwambia mimi sioni kitu. Dada akanivua miwani kama anayefunua sufuria.

Kilikuwepo. Kidogo, chekundu, kimetulia tuli! Kumbe miwani ile imetengenezwa kuzuia ukali wa moto wa kuchomelea vyuma. Kidoa changu cha watu kingepenya wapi? Leza ilikuwa nzima tangu Jumatatu, nami nikawa naipasua kila jioni kama daktari aliyekosa wagonjwa.

Nikamuuliza dada mbona hakusema mapema. Akajibu kwamba mlangoni pameandikwa USIINGIE, hapakuandikwa USEME.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekimbilia kwa fundi redio baada ya masomo. Deki ya bibi imelala mezani kwake bila kifuniko, skrubu zake kwenye kisosi, mkanda wake wa mpira tayari umo kwenye deki ya mtu mwingine. Nikamweleza kuwa marehemu hakuwa marehemu. Akasema ataiunganisha, nikaichukue Jumamosi, na siku nyingine nikitaka kujua kama kitu kimekufa nianze kwa kukichomeka ukutani. Ushauri mzuri. Nimeuandika hapa nisiusahau.

Bibi nimemwambia deki iko kwa daktari. Si uongo sana.

Mchoro wa jicho umekamilika. Nimeuchora kwenye karatasi ya manila isiyong'aa, mwanga usije ukarudi kwa watu. Kesho nitasimama pembeni kabisa, karibu na pazia. Hawatajua hata kama nipo.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika mbiombio; shajara, niwie radhi kwa mwandiko.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama pembeni, leza mkononi, mchoro ukutani. Ulimi ukawa soli. Mwalimu akasubiri. Spika, safu ya mbele, akanyoosha mkono na kukichezesha kiganja, kama mtu anayepokea ufunguo.

Halafu akainuka aende kuugusa mchoro wangu! Leza ni dhaifu, ndiyo, lakini kanuni ni kanuni. Nikamwambia akae. Sauti ilitoka! Nikawaambia na wengine wasisogee, wasikae usawa wa mchoro, mwenye kioo akifiche. Nikawaambia yale ya kope kukosa habari. Nikabonyeza.

Kidoa kikatua katikati ya lenzi ya jicho. Kizuri ajabu.

Hakuna aliyekiona! Shule nzima ilikuwa imegeuza uso. Wengine walijifunika madaftari. Spika alikuwa ameingia kichwa kizima ndani ya sweta. Na wale wasio na cha kujifunikia walilazimika kutazama mahali ambapo si ukutani, na mahali penyewe palikuwa mimi.

Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyonichimbia shimo. Nikawasihi watazame kidoa. Nikaeleza kwamba leza hii ni dhaifu, na kwamba mwanga ukigonga karatasi kavu unatawanyika, hauwadhuru. Hatari ni kuuchungulia unakotokea. Hawakuamini. Ikabidi nieleze kwa nini: mboni ni mlango, lenzi inaukusanya mwanga wote uwe nukta moja, nukta inatua kwenye retina, utando ulio nyuma kule, na retina ikiungua haioti tena. Kutoka ndani ya sweta Spika akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo, kwa nini mboni isiwahi kujifunga. Nikamjibu. Mwingine akauliza kuhusu machozi. Nikajibu. Kengele ikalia. Hakuna hata mmoja aliyekitazama kidoa.

Mwalimu akaja.

"Leza yako sikuiona," akasema. "Lakini jicho nimelielewa."

Ufunguo umebaki shingoni pangu! Nilikuwa naugusa kila hatua mpaka getini, na hapo mwalimu akaniita tena. Jumatano wazazi wanakuja shuleni. Nitarudia maelezo yale yale mbele yao. Leza niiache nyumbani, amesema, haina kazi.

Haina kazi! Mbele ya wazazi! Mikono mitupu!

Jumamosi, 10 Mei

Nimelala nikiliwaza jambo hili na nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilihangaika na watu watazame nini. Nilipaswa kuhangaika na watu wamevaa nini. Mimi mwenyewe niliivaa miwani ya kuchomelea siku tatu nikashindwa kuona leza iliyokuwa mbele ya pua yangu. Mzazi akiivaa ataniona mimi nimejibanza kwenye pazia? Na nikitangaza kwamba ni kwa ajili ya usalama wao, nani atakataa?

Asubuhi nimechukua deki kwa fundi redio. Nimeirudisha sebuleni, nimeichomeka, imewaka, bibi amekaa kutazama harusi. Kisha nimeingia chumbani kwake nikachukua redio yake ya kitandani, ambayo sijaisikia ikilia tangu juzi, kwa hiyo imekufa. Nimeiviringisha kwenye taulo. Nimempelekea fundi wa mageti, nikamuuliza, kwa redio hiyo kama malipo, anaweza kuniazima miwani mingapi mpaka Jumatano.