Mgonjwa wa Kuazima

Jumatano, 7 Mei 2025
Metroni Saleha ametangaza: Jumatatu atamteua mkuu wa mafunzo ya vitendo hapa hospitalini. Tuko wawili tu. Mimi Badru, muuguzi mzoefu, mwalimu kwa wito. Na Bertha, ambaye wanafunzi wanampenda eti kwa sababu anajua majina yao. Majina! Kwani tunafanya sensa?

Leo nimefundisha vizuri mno. Nimewaambia: kabla hujamgusa mgonjwa, muulize ana maradhi gani na anatumia dawa gani. Wote wameandika. Nimejipenda.

Alhamisi, 8 Mei
Mpango umenijia nikinywa chai. Kesho metroni anapita wodini na wanafunzi. Mtu ataanguka mlangoni, nami nitamwokoa mbele ya macho yake. Nimekwenda Makorora kwa binamu yangu Miraji, fundi cherehani, mtu mpole asiyejua kukataa. Nikamwagiza asile chochote mpaka kazi iishe, ili alegee vizuri. Akataka kusema jambo. Nikamkatiza. Waigizaji wana maneno mengi.

Ijumaa, 9 Mei
Miraji kaja, kaanguka. Na kuanguka gani! Nikapiga magoti, nikawaambia wanafunzi watulie, watazame. Miraji akatetemeka. Akatoka jasho la baridi. Jasho sikumwagiza! Nikamwita, akajibu maneno yasiyoeleweka. Kipaji kitupu. Nikamnong'oneza apunguze, metroni ameshaona. Hakupunguza.

Bertha akanisukuma kwa bega. Akamchoma kidole, akatazama kipimo. "Sukari imeshuka vibaya! Leteni dripu ya glukosi, haraka!"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba huyu ni mzima, tumepanga.

"Badru, toka hapo. Mtu anakufa."

Nikatoka. Nikamtazama Miraji, aliyenishonea kanzu yangu ya harusi, nikasoma kila dua ninayoijua, na nyingine nikazichanganya.

Alipopata fahamu aliomba chai na chapati. Alhamdulillahi! Kisha, mbele ya metroni na darasa zima: "Badru, ulinikataza kula. Nilitaka kukwambia nameza vidonge vya kisukari, hukunipa nafasi. Asubuhi nimemeza."

Mwanafunzi mmoja akaanza kuandika.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda kumwomba radhi mama mkubwa, mamake Miraji. Shikamoo ya kwanza haikuitikiwa. Ya pili nayo nusura.

"Marahaba. Hivi wewe Badru, ndiwe unayesomesha watu?"

Nikasema ndimi. Akasema basi Mwenyezi Mungu ainusuru Tanga. Chai hakunipa.

Jumatatu, 12 Mei
Siku ya Wauguzi Duniani. Keki, makofi, na Bertha ndiye mkuu. Mimi metroni ameniamuru nihudhurie darasa lake muhula mzima, benchi la mbele, pamoja na mwaka wa kwanza. Miraji amepona kabisa. Leo kampelekea Bertha khanga. Mimi, niliyemfikisha hospitalini, sikupata hata leso!

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Mpango ulikuwa safi. Kosa ni moja tu: mgonjwa alikuwa mgonjwa.

Mwezi ujao wanakuja wakaguzi. Nimeshazungumza na Wael wa Chumbageni, mcheza mpira, kifua kama kabati. Huyo ataanguka bila matatizo. Nimemshauri tu asinywe maji siku mbili, midomo ipate kukauka.