Mama Mkwe Kwenye Pedali

Jumatatu, tarehe 6

Gari limekataa kusimama. Naingia nyumbani, nakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini bila ubishi. Nikasimamishwa na pipa la taka. Afadhali lilikuwa la jirani.

Pipa si kitu. Aibu ni kwamba mama mkwe, aliye kwetu tangu wiki iliyopita, alikuwa kibarazani anachambua mboga. Aliona yote. Aliendelea kuchambua, ila polepole zaidi.

Jumamosi anarudi kwake, kwa baba mkwe. Tangu nimuoe binti yake hajapanda gari langu hata mara moja. Kila safari anabebwa na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, yule mwenye gari jipya lisilo hata harufu ya petroli. Safari hii nitampeleka mimi! Nimeshatangaza mezani, watu wote wakisikia. Maji nimeshayavulia nguo.

Ugonjwa naujua. Upepo umeingia kwenye mabomba ya breki. Fundi wa njia panda angeutoa kabla chai haijapoa, lakini mimi naye hatusemezani tangu nilipomsahihisha mbele ya wateja wake. (Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini ana kiburi.)

Nitautoa mwenyewe. Taa za breki za nyuma nazo haziwaki. Hilo ni pambo tu, litasubiri.

Jumanne, tarehe 7

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani, anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine yuko chini gurudumuni, analegeza kiskrubu, upepo unatoka pamoja na mafuta ya breki, anakaza, ndipo wa ndani anaachia. Akiachia mapema, upepo unarudi wote.

Nilimwomba mke wangu akanyage. Akakataa. Akasema mara ya mwisho aliponisaidia alinishikia ngazi, na kilichotoka salama siku ile ni ngazi. Maneno hayo mbele ya mama yake! Kisha akaenda zake kazini.

Jirani anadai anaumwa mguu. Mbona jana alilikimbiza pipa lake kwa miguu yote miwili?

Ndipo mama mkwe akafuta mikono, akavaa viatu, akasema kama ni mguu tu, yeye anao.

Jumatano, tarehe 8

Balaa!

Hivi mtu anamwamrishaje mama mkwe? Mimi ambaye mpaka leo nikimkuta sebuleni napita nimejikunja ubavuni mwa ukuta, leo nilale chini nimpigie kelele: kanyaga! achia! Si nitapata radhi?

Basi nikasema kwa adabu. Mama, samahani sana kwa usumbufu, kama hutajali, naomba mguu wako wa kulia uteremke kidogo. Nilipofika kwenye "kidogo" alikuwa ameshakanyaga, amechoka, ameachia. Kiskrubu kiko wazi. Ukaingia upepo mwingi kuliko wa mwanzo.

Tukarudia. Kila nikimwomba samahani anainama dirishani kuniuliza nimemkosea nini. Halafu akauliza mama yangu hajambo. Nikamjibu hajambo, mafuta ya breki yakinichuruzika shingoni. Kumbe yanawasha!

Jumla ya siku: pedali inazama kuliko jana.

Alhamisi, tarehe 9

Mbinu mpya. Nitagonga bodi ya gari. Gonga moja, anakanyaga. Gonga mbili, anaachia. Hakuna amri, hakuna utovu wa adabu. Akili kama hii angekuwa nayo mwanyumba tungekoma.

Nikagonga. Akaitikia karibu.

Nikagonga tena. Akaitikia karibu ndani, mlango uko wazi. Mara ya tatu akashuka, akazunguka mpaka getini kuangalia ni nani, akarudi akilalamika kwamba watu wa mtaa huu hawana kazi.

Alasiri nikajaribu filimbi. Habari za filimbi sitaki kuziandika. Mke wangu ameniuliza kama mama yake ni mbuzi. Leo nalala kwenye kochi.

Mwanyumba naye kapiga simu. Kwa sauti ya asali anauliza aje saa ngapi kumchukua Mama. Nikamwambia asijisumbue. Akasema basi atatufuata nyuma tu, gari langu lisije likahitaji kuvutwa. Mnafiki mkubwa!

Ijumaa, tarehe 10

Asubuhi nilikata tamaa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, mkono shavuni. Niliumia, sisemi uongo. Miaka yote hii yule mama ananiita mwanangu, na mimi nashindwa kumfikisha nyumbani kwake.

Mama mkwe akaja. Akajifunga kibwebwe. Akaninyang'anya spana, akaniambia nibaki palepale nilipo. Akatandika gunia, akalala chini.

Kanyaga! Nikakanyaga. Shikilia, we mtoto! Nikashikilia. Haya, achia! Nikaachia. Hakuna samahani wala kama hutajali. Kwake kuniamrisha ni haki, hana haja ya kubembeleza. Jua halijawa kali, magurudumu yote yameisha na pedali imekuwa ngumu safi.

Kasoro moja. Jirani alikuwa anachungulia ukutani. Sasa mtaa mzima una habari kwamba nimekaa kitini kama bwana mkubwa huku mkwe wangu yuko uvunguni mwa gari, miguu nje. Fundi wa njia panda alikuja kujionea. Akamwamkia Mama, akamsifu kwa ufundi wake. Mimi hata salamu hakunipa.

Nimewaeleza wote kwamba mpango ulikuwa wangu.

Jumamosi, tarehe 11

Mama amepanda gari langu! Kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nyuma yetu mwanyumba na gari lake jipya, katuganda kama kupe, anacheka.

Nikasema leo utakoma kucheka. Tulipofika njia panda, mbele ya fundi na wateja wake, nikaongeza mwendo, kisha nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote ili watu waone. Gari likasimama papo hapo. Raha iliyoje!

La mwanyumba halikusimama papo hapo. Pua yake imeingia kwenye buti langu, na mpaka sasa hayajaachana. Watu wote wazima. Mwanyumba anapiga kelele kwamba hakuona taa yoyote ya breki. Mtu mzima na ndevu zake anategemea taa!

Mama alishuka, akajikung'uta, akatangaza kwamba breki zile kazitengeneza yeye, na hazina kosa. Kosa, akasema, litafutwe nyuma ya usukani. Akachukua mkoba wake, akaenda kupanda basi.

Jumapili, tarehe 12

Nimewaza sana, kosa langu silioni. Mama kapanda gari langu, hilo halifutiki. Na gari langu lilisimama. Lililoshindwa kusimama ni la mwanyumba, kwa hiyo lenye upepo ni lake.

Nimempigia simu nimtolee bure. Amenikatia. Ni mshtuko tu, utamwisha.

Wa kukanyaga nimeshampata. Baba mkwe anakuja Ijumaa. Kwake nitatumia filimbi.