Waroma Kumi na Wawili na Mabeseni Yao

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ushindi! Komite imekubali Waroma wangu. Jumapili ya tarehe 20, sisi tuliokimbia vita tunafanya sikukuu yetu kwenye uwanja wa parokia, na kila mwaka mchezo ni uleule: Papa Norbert na akordeoni yake. Leo Norbert alikuwa anakohoa. Nilisimama haraka. Nikaeleza jinsi askari wa Roma ya kale walivyojifunika ngao mbele na juu, wote kama kobe mmoja, wakatembea chini ya mvua ya mawe. Nikaahidi na chakula chao pia.

Mama Dorothée, mwenyekiti wetu na mwenye nyumba yangu, alinikumbusha bafu la Kiroma nililochimba uani mwaka jana, na mbuzi wake aliyetumbukia humo. Akasema mbele ya wote: aibu moja tena, Papa Florent, na utarudisha ufunguo. Norbert, anayepanga chumba cha nyuma, giza tupu, aliacha kukohoa. Akauliza kama dirisha langu linafunga vizuri wakati wa mvua.

Dirisha langu linaangalia ziwa. Tangu nikimbie kwetu Kiambi nimelala mahali saba. Hapa tu ndipo penye dirisha.

Jumatano, 9 Julai

Mchuzi wa samaki. Waroma waliupenda kuliko asali: matumbo ya samaki, chumvi, jua, subira. Mama Cécile wa sokoni alinipa ndoo nzima ya matumbo ya mikebuka, samaki wa ziwa letu. Aliuliza kama ninafuga bata. Nikamjibu kwamba ni historia. Alinihurumia, akaongeza vichwa.

Bidoni ya njano, dumu langu la maji. Chumvi nyingi. Kifuniko nimekikaza kwa nguvu zangu zote. Nimeiweka uani, jua linapopiga.

Jumamosi, 12 Julai

Bidoni imevimba. Haina pembe tena. Nimekumbuka, kwa kuchelewa, kwamba Waroma waliacha hewa itoke. Nikalegeza kifuniko kidogo. Kidogo tu!

Kitenge kipya cha Mama Dorothée, cha sikukuu, kilikuwa kwenye kamba.

Amekifua mara nne. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema polepole kwamba anangoja Jumapili. Waroma wakimwaibisha, Jumatatu chumba ni cha Norbert, mimi narudi kwenye mahema ya kambi. Mchuzi nimeuzika nyuma ya choo. Norbert amepita dirishani mara tatu, pua ameziba, kuuliza: «Papa Florent, Roma yote ilinuka hivi?»

Jumatatu, 14 Julai

Mazoezi. Wazee kumi na wawili, ngao hakuna. Nimewaagiza kila mmoja alete beseni kubwa la nyumbani. Wa mbele wanalishika kifuani, wa nyuma juu ya kichwa. Papa Jérémie, miaka sabini na mitatu, amesema mgongo wake haukuumbwa kwa ajili ya kobe. Nimemweka katikati, ashikiliwe na wenzake.

Norbert alikuja kutazama. Akajitolea kuwa adui, apige ngoma washenzi wanaposhambulia. Nimekubali mara moja. Norbert, mshenzi! Mbele ya parokia nzima!

Ijumaa, 18 Julai

Kobe kamili. Anatembea, anageuka, anasimama. Ngoma ya Norbert ilikuwa ya upole, kama ya kubembeleza mtoto. Sikuipenda. Nimewahutubia askari: Mroma haachi nafasi yake, hata akifa. Wote wameitika. Niliporudi nyumbani nilimkuta Norbert akipima dirisha langu kwa kamba. Mapazia, amesema.

Jumapili, 20 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Uwanja umejaa. Kobe anaingia, beseni kwa beseni. Makofi. Mimi mbele, upanga wa mti mkononi. Norbert yuko nyuma ya ukuta, lakini hana ngoma. Ana fimbo ya chuma na pipa tupu. Amelipiga mara moja. Paa! Kama kule kwetu, asubuhi ile tulipokimbia.

Hakuna aliyetoa amri. Mabeseni yaligeuzwa yote kwa pamoja. Papa Jérémie akatia katika lake kiti cha padri, viatu vyake mwenyewe na kuku wa mama mmoja, akajitwika. Kumi na wawili wakashika barabara, mmoja nyuma ya mwingine, kimya, mwendo wa haraka usio wa kukimbia. Kobe hakuwahi kutembea kwa mpango namna ile. Na jemadari? Nilijikuta mbele yao wote, nimeshapita mnara wa kengele, upanga sina, sufuria ya maharagwe ya sikukuu imo mikononi mwangu. Inachoma!

Nikageuka kuutazama uwanja. Nikaliona tayari hema langu la kambini.

Halafu mtu akacheka. Mama Dorothée! Alishika tumbo, akaita: «Papa Jérémie, umesahau mukeka!» Mwingine akaita: «Mungojeni mama mukwe!» Uwanja mzima ukalipuka. Wanawake walilia machozi, wakaonyeshana walivyobeba siku ile: huyu mlango, yule kinu bila mchi. Wakataka turudie. Tumerudia mara tatu, Norbert akipiga pipa huku jasho linamtoka, akinitumikia mimi.

Jioni Mama Dorothée ameniambia yeye alikimbia na kichwa cha cherehani, meza akaiacha, na hajawahi kulicheka jambo hilo hadi leo. Chumba ni changu. Sharti moja: asisikie tena habari za Waroma, milele. Nimeapa. Nimeketi kitandani nikapumua.

Jumatatu, 21 Julai

Nimelala hadi jua lilipofika kitandani. Ziwa limetulia. Nimefungua dirisha, nimelifunga, nimelifungua tena. Langu.

Kiapo ni kiapo. Waroma nimewafungia sandukuni. Lakini watu wa Kartago hawakuwa Waroma. Walikuwa adui zao! Na katika ua huu hakuna aliyesema neno lolote juu ya Kartago. Jeshi lao lilivuka milima mikubwa na tembo.

Norbert ana mwili mkubwa, na blanketi lake ni la kijivu.