Mtihani wa Masanduku

Evariste Kalunga hakuwa amemaliza hata nusu ya chupa yake, pale kwenye baa ya nyuma ya kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, wakati chuo kikuu kilipomwingia kichwani. Kiliingia kizima, na mihuri yake, na diploma zake, na wanafunzi walionona.

Waliomletea ni watu wawili wa meza ya jirani. Mmoja alikuwa Adolphe, dereva wa lori la kampuni ya shaba, mwenye mabega mapana kama mlango. Wa pili alikuwa Asani, mwenye duka la sukari na vitambaa, mwenye vidole laini ambavyo wateja wake walivichunga kuliko mizani yenyewe. Siku hiyo Adolphe alikuwa ameletewa mkubwa mpya kazini, kijana aliyetoka moja kwa moja chuoni.

"Yee eko na diplôme," Adolphe alilalamika. "Minye niko na nini? Niko na mikono tu! Na ile nyumba ya chef, na veranda yake, banamupa yee, muntu hajue hata kubadilisha gurudumu!"

"Batupime kwa ile tunajua," akasema Asani. "Mu mambo ya biashara, minye ningekuwa docteur zamani."

Evariste akaweka glasi chini polepole, kama padri anavyoweka kikombe altareni.

Tumtendee haki: hakuwa mwizi. Wezi huvunja milango, na Evariste hakuwahi kuingia mlango ambao mwenyewe hakumfungulia kwa tabasamu. Zamani aliwahi kupiga pasi mashati ya profesa mmoja Mzungu huko Lubumbashi, na katika kupiga pasi alisikia mengi. Mojawapo lilikuwa kweli tupu: kuna vyuo ng'ambo visivyouliza mtu alisomea wapi. Ukija na ujuzi ulioupata kwingine, kazini au sokoni, unatahiniwa. Ukifaulu, unahesabiwa kama uliyekaa darasani. Jambo zuri kabisa. Evariste alikosa kitu kimoja tu, nacho ni chuo chenyewe, na hilo aliliona dogo.

Akasimama, akanyoosha kola ya abakosti yake, suti ile isiyovaliwa tai. Ilikuwa miaka ile tai zilipopigwa marufuku, na majina ya Kizungu pia, na kila mtu akaitwa citoyen, yaani raia. Kwenye kitambulisho kila mtu alibeba jina la babu yake, refu kama treni ya madini, lakini kwenye baa watu walibaki wakiitana walivyobatizwa.

"Citoyens," akasema, "mumesema maneno ya akili. Minye ni Professeur Kalunga, mutahini mukubwa wa Chuo Kikuu Huria cha Maarifa ya Kwingineko. Natafuta hapa Likasi bantu benye kujua. Nilianza kukata tamaa."

Akawaeleza. Adolphe akavuta kiti karibu. Asani, bahili yule, akaagiza bia nyingine, jambo ambalo mwenye baa alilisimulia kwa wiki nzima.

"Na bei?" akauliza Asani.

"Bei!" Evariste akajishika kifua. "Elimu inauzwa sawa samaki? Hapana franga hata moja. Chuo kinapokea tu vifaa vya maabara."

"Vifaa gani?"

"Inategemea. Weye uko na nini?"

Mitihani ikaanza, katika chumba cha nyuma cha baa ileile. Asani alitahiniwa uchumi. Alitakiwa kupima kilo moja ya sukari mbele ya mtahini, na akaipima kwa kidole kimoja kikipumzika pembeni ya sahani ya mizani, kimechoka, maskini, kama kidole kingine chochote. Evariste akainua mfuko.

"Mu hii mufuko iko hewa, citoyen."

"Ile njo faida, Professeur."

"Distinction!" akapiga kelele Evariste, na majora mawili ya vitenge yakaingia maabara.

Adolphe alitahiniwa jiografia na ufundi wa mitambo kwa pamoja. Alimwendesha profesa mpaka Kakontwe, ambako kulikuwa na mjane mmoja aliyependa kutembelewa na wasomi, akamsubiri, akamrudisha. Alifaulu. Kifaa chake kilikuwa redio kubwa ya Kijerumani, na tangu siku hiyo alianza kutembea polepole mbele ya ile nyumba yenye veranda, akipima kwa macho mahali pa kuweka viti vyake.

Halafu akaja Mathilde, mke wa kapita, msimamizi wa karakana, aliyetaka kuitwa Madame l'Ingénieur ili wifi yake aumwe na tumbo kwa wivu. Yeye alitahiniwa kemia, maana Evariste alikuwa na njaa. Kuku wa mawese aliyemleta alikuwa mzuri sana, lakini sayansi haina haraka.

"Matokeo ya kwanza inaonesha vizuri," profesa akasema akijifuta midomo. "Sasa lazima turudilie, tuone kama itatoka vilevile."

Ilitoka vilevile Jumanne, na Alhamisi, na Jumapili baada ya misa. Mathilde akapewa diploma yake, na cherehani yake ikaja kukaa karibu na redio.

Diploma zilipigwa mhuri wa kichwa cha chui, aliochonga Evariste kwenye kiazi kitamu. Siku za mwanzo chui alikuwa mkali. Kiazi kilipoanza kunyauka, alianza kufanana na paka, na wale wa mwisho kuhitimu waliondoka na panya. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alidhani panya ni daraja la juu zaidi.

Chumba kikajaa. Ndipo habari mbaya ikafika: Citoyen Kabwika, mkubwa wa chama pale Panda, alikuwa amesikia habari za chuo na atakuja Jumatatu kukisalimia. Evariste akahesabu siku kwa vidole. Salamu za wakubwa wa chama alizifahamu, maana ziliwahi kumweka ndani mahali ambapo hata shati halipigwi pasi. Ilimpasa aondoke kabla ya Jumatatu. Lakini aondokeje na mali yote ile? Stesheni polisi walipekua mizigo, na njia ya Lubumbashi ilikuwa na kizuizi cha askari waliopenda sana vitu vya watu.

Ijumaa akaja Mama Tausi.

Tausi alikuwa mwanamke wa watu wa Kasongo, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho yaliyotulia. Aliketi bila kuambiwa.

"Baba Professeur, minye sijue masomo. Kazi yangu ni kupitisha bintu tu. Ile iko na faculté?"

"Kupitisha namna gani?"

"Mu barrière. Naweka samaki ya kuoza juu. Basoda banasikia harufu, banasema: pita, Mama, pita mbio! Habafunguaka hata siku moja."

Evariste alijitahidi sana uso wake usicheke. Mungu, akawaza, hatimaye umekuwa msomi.

"Mama, ile ni diplomasia," akasema. "Na mtihani wake ni wa vitendo. Iko masanduku ya maabara hapa. Yafike Lubumbashi Jumapili, ku ghala karibu na stesheni, bila muntu kugusa mufuniko. Minye nitatangulia na treni, juu mutahini hapana kusafiri pamoja na mtihani."

"Ni haki," akasema Tausi. "Lakini upigilie misumari weye mwenyewe, Baba. Na uweke mhuri juu ya kila mufuniko. Kesho usiseme Tausi alifungua."

Evariste alikaribia kulia kwa furaha. Mjinga mwenye utaratibu kiasi hiki hakuwahi kumpata. Akapakia redio, vitenge, cherehani na vingine vyote, akapigilia misumari mpaka kidole gumba kikavimba, akapiga mhuri wa panya juu ya kila kifuniko. Jumamosi akapanda treni mikono mitupu, akipiga mluzi.

Jumapili, lori la samaki likafika. Harufu ilifika kwanza. Masanduku yakashushwa mbele ya ghala, vifuniko vizima, misumari mizima, panya wote mahali pao.

"Nimepita, Baba?" akauliza Tausi.

"Umepita? Grande distinction!" Evariste akatoa diploma mfukoni, akaitia sahihi juu ya paja, akamkabidhi na kumpigia makofi. Tausi akaikunja vizuri, akaisukuma ndani ya blauzi yake, akampa mkono, akapanda lori. Likaondoka.

Evariste akaazima nyundo kwa mlinzi wa ghala na kung'oa kifuniko cha kwanza. Ndani kulikuwa na mawe meupe ya chokaa ya Kakontwe, yamepangwa vizuri kama mayai. Akang'oa cha pili. Mawe. Akang'oa vyote huku akisema maneno ambayo profesa hayasemi. Mwishowe akapindua sanduku moja, na hapo akaona: mbao za chini zilikuwa zimetolewa na kurudishwa kwa misumari mipya inayong'aa. Mfuniko haukuguswa na mtu. Mtihani ulikuwa umefuatwa neno kwa neno.

Akaketi juu ya elimu yake yote. Kilichomuuma zaidi si vitenge wala redio. Ni yale makofi aliyompigia.

Gari jeusi likasimama mbele yake. Akashuka mtu mnene mwenye abakosti iliyomkaza, akitabasamu.

"Professeur! Njo weye? Minye ni Kabwika, wa Panda. Docteur Tausi aliniambia hautaweza kungojea Jumatatu, basi nikakufuata mwenyewe. Muntu muzuri sana, ile mama. Alirudishia Mama Mathilde cherehani yake. Redio alinipa minye, kwa heshima ya masomo. Bingine alisema ni bei ya transport."

"Karibu, Citoyen," akasema Evariste. Akatazama kulia: ukuta wa ghala. Akatazama kushoto: dereva wa gari, mrefu, ameegemea mlango na kukunja mikono.

"Minye pia niko na maarifa ya kwingineko," akaendelea Kabwika. "Sikujifunza ku masomo. Nilijifunza ku kazi tu. Nataka unitahini."

"Maarifa gani, Citoyen?"

"Kukamata bezi."

Mlinzi wa ghala akasogea karibu asikie vizuri.

"Unataka mtihani wa maandishi," akauliza Evariste kwa unyonge, "ao wa vitendo?"

"Wa vitendo," akasema Kabwika, akitoa pingu mfukoni.

Evariste, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwangusha mtahiniwa hata mmoja, akanyoosha mikono.