Nyumba Isiyo na Anwani

Jumatatu, 3 Aprili

Nimeacha kazi. Kwa hiari yangu! Ghala la matairi litajijua lenyewe. Kuanzia leo mimi, Leland Fisk, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mwekezaji wa nyumba na majengo.

Semina ya juzi na jana, kwenye ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege, imenifumbua macho. Mwalimu wetu, Skip Halloran, ana meno meupe kupita kiasi. Anasema huhitaji mtaji. Huhitaji hata nyumba! Unamtafuta mwenye nyumba aliyechoka, mnaandikiana mkataba kwamba utainunua kwa bei ya chini. Halafu huinunui. Unamuuzia mkataba huo mtu mwenye pesa taslimu, unachukua chako cha juu, unaondoka. Niliandika kila kitu. Nikisoma leo naelewa kila sentensi peke yake. Zikiwa pamoja zinanipiga chenga.

Nilimweleza mke wangu Noreen tukiwa mezani. Akaweka uma chini. Akauliza kama nina maana nitauza nyumba nisiyo nayo, kwa pesa nisizo nazo. Nikasema ndiyo, hasa! Nilifurahi kwamba amenielewa upesi. Kumbe alikuwa hajamaliza. Akataka kujua kama mama yake ameshaambiwa.

Mama yake ni Bi. Wanda Sobczak. Nyumba ni yake: yeye chini, sisi juu. Hatulipi kodi. Mimi nakata nyasi na kuzoa theluji. Hakuhitaji kuambiwa, maana sakafu yetu ndiyo dari yake. Alipanda ngazi akihema, magoti yakimsumbua, akasimama mlangoni. "We Leland, mimi sikufungua hoteli. Mwisho wa mwezi huu uwe na kipato, mlipe kodi kama watu. La sivyo mtafute pa kwenda." Noreen alizaliwa katika nyumba hii. Aliinamia sahani yake. Iliniuma kidogo. Lakini mwezi mzima! Skip anasema wengine huchukua wiki mbili tu.

Jumatano, 5 Aprili

Nimepigilia vibao ishirini na tano kwenye nguzo za umeme, upande wote wa mashariki wa Toledo. NANUNUA NYUMBA. TASLIMU. HALI YOYOTE. Na simu yangu. Skip anasisitiza viandikwe kwa mkono, tena vibaya, ili mwenye nyumba akuone mtu wa kawaida. Mwandiko wangu haukuhitaji mazoezi.

Jioni nikapita kuvikagua. Juu ya kila kibao changu kuna kibao kingine, cha manjano, maneno yaleyale, simu nyingine. Kila kimoja! Mjini humu kuna mtu mwenye ngazi. Namchukia na hata simjui.

Ijumaa, 7 Aprili

Simu imelia! Saa mbili asubuhi. Mwanamume mwenye sauti ya upole. Akauliza kama vile vibao ni vyangu. Nikasema vyangu vyote. Akauliza vipo vingapi. Nikasema ishirini na tano na kesho naongeza. Akauliza barua aitume wapi. Nikamtajia anwani, herufi kwa herufi. Akanishukuru sana. Akasema yeye ni wa idara ya mji inayosafisha nguzo, na kila kibao kina faini yake.

Nikamuuliza kama yeye binafsi ana nyumba ambayo angependa kuuza. Akakata.

Jumanne, 11 Aprili

Nimezunguka na gari saa tatu nzima nikitafuta nyumba mbaya. Ndiyo kazi yenyewe. Nikaipata moja: madirisha yamezibwa kwa plaiwudi, ngazi imeoza, sanduku la barua limefurika. Na barazani amesimama mtu mwenye faili kwapani na uso wa huzuni. Mwenye nyumba!

Skip anasema anza na pole. Nikampa pole. Naye akanipa pole. Nikamwambia naona jinsi mzigo huu ulivyomchosha. Akasema hata yeye anaona jinsi ulivyonichosha mimi. Nikaguswa. Watu wema bado wapo! Nikamuuliza ni bei gani ingemwondolea mawazo. Akasema hapana, nitaje mimi. Tukabembelezana hivyo dakika ishirini. Kisha kila mmoja akatoa mkataba wake, wakati uleule. Karatasi ileile. Chini kabisa, jina lilelile la Skip Halloran.

Mwenye nyumba hakuwapo. Wala hatujui ni nani.

Huyu anaitwa Duane Purdy. Vibao vya manjano ni vyake. Nikamweleza ninavyomwona. "Kaka, usikasirike," akasema, "nguzo ni za wote." Kisha akalainika. Ana nyumba mkononi, bibi mmoja amemsainia, lakini mnunuzi hana. Nikamwambia wanunuzi ninao wa kumwaga. Sina hata mmoja. Ila Skip anasema jiamini kwanza, ukweli utakukuta njiani.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimempata mnunuzi! Dukani kwa vifaa vya ujenzi, mbele yangu kwenye foleni, mama mmoja anaagiza vyoo kumi na kimoja. Nikapiga hesabu upesi: vyoo kumi na kimoja, nyumba kumi na moja. Nikajitambulisha. Anaitwa Bi. Pacheco, ana macho makali na hana muda. Akasema lete nyumba, taslimu ipo, lakini ukinizungusha nitakujua. Nyumba iko wapi?

Hapo nikakwama. Nikampigia Duane. Akakataa katakata kunipa anwani. Akanitajia bei tu. Katika kazi hii hakuna anayempa mwenzake anwani mapema, maana utamruka uende mwenyewe kwa mwenye mali. Wote hufanya hivyo. Hata mimi nisingejipa.

Amenipa habari hizi tu: upande wa mashariki, chini anaishi bibi, juu wanaishi jamaa zake wasiolipa. Mkataba wake na bibi unaisha tarehe thelathini. Ikipita hiyo bila mnunuzi, bibi yuko huru na sisi hatuna kitu. Na picha tatu: mtambo wa kupasha nyumba joto, paa kwa nyuma, na ua. Paa linafanana sana na letu. Mji huu mapaa yote ni mamoja. Nyasi za uani zimeachwa zikaota ovyo. Aliyekabidhiwa kuzikata angeona aibu.

Tumeandikiana, mimi, Duane na Bi. Pacheco. Mahali pa anwani tumeacha wazi. Mnunuzi akishaiona nyumba na kuipenda, mimi ndiye nitakayetia saini ya mwisho. Kwa nini mimi, sijui. Duane alieleza mara mbili. Mara zote mbili niliitikia kwa kichwa.

Jumatano, 19 Aprili

Bi. Pacheco anasema bei iko juu. Nikamshauri Duane arudi kwa yule bibi amtishe kuhusu paa. Ni mbinu ya Skip: unaangalia dari, unashusha pumzi, unanyamaza. Duane akanipigia mchana. Imefanya kazi! Bibi ameshusha bei, na juu yake akamlisha pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, zilizojazwa viazi.

Ajabu, hata kwetu leo ngazi nzima inanukia pierogi. Nilimkuta mama mkwe kwenye kidato cha chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli paa la zamani linaweza kuwaangukia watu. Nikamjibu kitaalamu: Mama, paa la zamani si la kuaminika hata siku moja. Akashika ukuta, akaketi. Ni mara ya kwanza kuniuliza jambo. Nadhani ameanza kuniheshimu.

Kumbe Bi. Pacheco anahofia wale jamaa wa juu. Hataki kesi za kufukuza watu. Nikamwandikia maelezo mazuri: "Wa juu ni mwanamume mvivu asiye na kazi, anaishi kwa mgongo wa mkewe. Hana ubavu wa kubisha. Akisukumwa kidogo, atatoka." Sijawahi kumwona, lakini watu wa namna ile nawajua. Noreen akauliza nacheka nini peke yangu.

Jumanne, 25 Aprili

Noreen amekuja na karatasi za rangi za ukuta. Ameshachagua ya chumbani kwetu, kijani hafifu. Anasema nikipata kitu wiki hii atazungumza na mama yake, tutalipa kodi kidogo kidogo na tutabaki. Alisema "tutabaki" mara tatu. Nikamwambia Jumamosi mambo yote yatakwisha. Akanishika mkono. Nampenda sana mwanamke huyu. Nilijisikia mkubwa.

Jumamosi, 29 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mpango ulikuwa saa nne. Duane aliahidi anwani saa moja kabla. Nilikaa mgahawani na shati jipya, simu mezani. Saa tatu ikaingia. Nikaisoma. Ilikuwa anwani yangu.

Nikajua Duane amenichezea. Lazima alinifuata siku moja hadi nyumbani, ili leo anitume kwangu huku yeye akinizunguka na mnunuzi. Nikawaka! Nikampigia mara nne, hapokei. Nikasema vizuri, nitakwenda nyumbani kubadili viatu, kisha nimsake mji mzima.

Nje ya nyumba yetu kuna gari la Bi. Pacheco. Na pikapu ya Duane, ngazi juu. Nikafikiri: wamekuja kuniomba radhi. Hata nilipoingia jikoni kwa mama mkwe na kuwakuta wote watatu mezani, pierogi katikati, bado nilikuwa nasubiri radhi.

"Huyu ndiye mshirika wangu," Duane akamwambia mama mkwe.

"Huyu?" akasema mama mkwe. "Huyu ndiye wa juu!"

Bi. Pacheco akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. Akatoa karatasi yangu mkobani. Akasema, kumbe ndiye. Akaisoma kwa sauti, yote, mvivu na mgongo na ubavu. Noreen alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Sikumwona anaingia.

Akauliza nani kaandika. Duane akasema kwa fahari ni mimi, na kwamba hata wazo la paa ni langu.

Mama mkwe akaweka kijiko chini taratibu. Akasema wiki hii yote amelala sebuleni, kwenye kochi, kwa sababu ya paa. Kisha akaeleza, akimwangalia Noreen tu. Dada yake yuko Yuma, mji wa joto usio na theluji, na magoti haya hayawezi tena baridi nyingine. Barua ya Duane ilikuja, akasaini kwa hasira siku niliyoacha kazi. Tangu hapo anajuta. Alikuwa anahesabu siku mkataba uishe, akae tena kidogo na mtoto wake.

Bi. Pacheco akasema hayo ni ya kwao. Nyumba ameipenda. Nitie saini sasa hivi au anaondoka na harudi.

Noreen akaja karibu. Hakupandisha sauti. "Leland, usisaini. Kaa tu. Kaa hivyo hivyo mpaka kesho ipite, basi."

Jambo rahisi kuliko yote niliyowahi kuombwa! Kukaa. Na nilitaka kukaa. Lakini kichwa kilinizunguka. Mimi hapa ni nani? Kama mpangaji, nilitakiwa kukataa. Kama mkwe, kukataa. Kama mwekezaji, hii ilikuwa biashara yangu ya kwanza, mnunuzi mbele yangu, kalamu mezani. Skip alisema itakuja siku watu wetu wa karibu watatuambia tuache, na hapo ndipo wengi huanguka. Nilikuwa bado nafikiri. Mkono ukasaini.

Nikasema, ili kuchangamsha, kwamba angalau wa juu hatasumbua.

Hakuna aliyecheka. Noreen akaokota kikapu chake, akapanda juu, akafunga mlango polepole. Heri angeubamiza.

Jumapili, 7 Mei

Vyumba viwili juu ya duka la fundi saa. Dirisha linatazama ukuta. Noreen alisema nije kama nataka, makabati yanahitaji wa kubeba. Ghala la matairi wamenirudisha, kwa zamu mbaya.

Mama mkwe aliondoka Alhamisi. Alimkumbatia Noreen muda mrefu pale kituo cha basi, mimi nikashika masanduku. Tulipokuwa tunarudi, Noreen alitaka tupite mtaa wetu wa zamani. Chumba chetu kilishavuliwa mapazia. Akalia njia yote. Niliona aibu ya kweli. Nikamwapia pale pale garini: sitagusa mkataba wa nyumba tena maisha yangu yote. Nilikuwa namaanisha.

Leo mchana Noreen alikwenda kununua sabuni. Mwenye jengo, mzee Haluska, akaja kurekebisha bomba la jikoni. Aliyepanga kwake ni Noreen; mimi hajawahi kuniona, alidhani nimekuja kubeba makabati tu. Alipomaliza akaketi kwenye kiti chetu cha pekee, akajifuta uso. Mke wake amefariki, watoto wako mbali. Jengo hili, akasema, limemchosha.

Limemchosha! Neno lenyewe, kutoka kinywani mwake, bila mimi kumgusa. Nikampa pole. Nikaangalia dari, nikashusha pumzi, nikanyamaza. Akaniuliza kama nimeona kitu. Nikamuuliza ni bei gani ingemwondolea mawazo.

Mzee mwenye huruma sana. Wasiwasi wake ni mmoja tu, wapangaji: fundi saa wa chini ana mkataba mrefu, lakini hawa wa juu ndio kwanza wamehamia, na mke anaonekana amechoka, atawaambiaje? Nikamwambia asijisumbue hata kidogo. Hao wa juu aniachie mimi.